Shamba na Mtoto Katika Vitabu Viwili

Msomaji, vitabu vinavyosifu utoto wa shambani ni vingi, na aghalabu hufanana. Mtoto huamka na jogoo, hunywa maziwa yaliyokamwa asubuhi ile ile, hushinda juani na mvuani, hushika jembe dogo lililotengenezwa kwa ajili yake, na mwishowe hukua mtu hodari mwenye afya na adili. Picha hiyo ni tamu, na utamu wake ndio unaonitia shaka. Mtoto aliyewahi kukama ng'ombe alfajiri ya Julai huko Kinangop, vidole vimekufa ganzi na safari ya kwenda shule bado inamngoja, atakuwa na neno la kuongeza. Walakini si haki kuitupa picha kwa sababu ya utamu wake. Ndani yake mna jambo la kweli, na kazi ya mhakiki ni kulitenga jambo hilo na sukari iliyolifunika. Nimechagua vitabu viwili, kimoja cha Marekani na kimoja cha Kenya. Kila kimoja chaeleza namna shamba lilivyomlea mtoto, na kila kimoja kina mahali kilipopita kimya.

Cha kwanza ni Farmer Boy, kilichoandikwa na Laura Ingalls Wilder na kutolewa mwaka 1933. Chasimulia habari za Almanzo Wilder, mvulana anayekaribia miaka tisa, katika shamba la baba yake karibu na mji wa Malone, kaskazini ya jimbo la New York, katika miaka ya 1860. Hakina vita wala safari za mbali. Habari yake ni kukata barafu wakati wa baridi, kupanda viazi, kukata manyoya ya kondoo, kuvuna, kufuma nguo, na kula. Maana sijui kitabu kingine cha watoto chenye mlo mwingi kuliko hiki, na mwanafunzi wa bweni asikisome kabla ya kengele ya chakula.

Mambo mawili katika kitabu hicho yastahili kusomwa polepole. La kwanza ni ndama. Almanzo anapenda farasi kuliko kitu chochote duniani, lakini baba yake amemkataza asiwakaribie farasi wachanga, kwa kuwa mtoto asiyejua huweza kuwatia hofu na kuwaharibu tabia kabla hawajafunzwa. Siku anapotimiza miaka tisa hapewi farasi anayemtamani. Anapewa nira ndogo aliyoichonga baba yake, ili awafunze ndama wawili, Star na Bright, wawe maksai wa kazi. Mvulana anajaza karoti mifukoni, anawafunga nira, anawatamkia amri moja moja, na wakitii anawapa karoti. Anatambua kuwa ndama, kama mtoto, akichoka hununa, na kwamba somo refu ni somo lililopotea. Siku moja ndama wanatimka na kila mtu anaishia katika theluji. Hapana mtu mzima aliyesimama kando kuzuia jambo hilo lisitokee.

Tazama hekima iliyomo. Baba hakumpa mtoto mchezo wa kuiga kazi, wala hakumbebesha kazi ya mtu mzima. Alimpa kazi ya kweli yenye kipimo chake, kazi ambayo ikiharibika hasara yake ni ndogo lakini ni hasara. Tena, mtoto ambaye kila mtu anamfunza amefanywa mwalimu, na kwa kufunza ndama anajifunza kutawala hasira yake mwenyewe. Mwandishi halisemi jambo hili waziwazi. Anaeleza karoti, nira na theluji, na kumwachia msomaji alione.

La pili ni nusu dola. Katika sikukuu ya tarehe 4 Julai, binamu yake Almanzo amemchokoza kwamba hathubutu kumwomba baba yake senti za kununulia limonadi. Anamwendea baba kwa aibu. Baba hamkaripii. Anatoa nusu dola ya fedha na kumwuliza ni kitu gani kile. Kisha anamwongoza hatua kwa hatua: kuandaa shamba, kupanda viazi, kupalilia, kuchimbua, kuweka ghalani, kupeleka sokoni, mpaka mvulana aone kuwa ndani ya sarafu ile mmelala kazi. Halafu anampa, na kumwambia kuwa ni mali yake. Aweza kuinywa limonadi ikaisha, aweza kununua kitoto cha nguruwe kikakua na kuzaa. Almanzo anachagua nguruwe. Yafaa kukumbuka kuwa angeweza kuchagua limonadi, na baba asingeichukua sarafu mkononi mwake. Bila uhuru huo mazungumzo yote yangekuwa hotuba tu, na watoto wana njia nyingi za kuziba masikio mbele ya hotuba.

Hadi hapa nakisifu kitabu. Sasa tuulize ni nani aliyekiandika, na wakati gani. Laura hakuwako Malone. Alizaliwa mwaka 1867 huko Wisconsin, na habari hizi alizipata kwa mumewe, yule yule Almanzo, alipokuwa amezeeka. Binti yao Rose Wilder Lane, mwandishi aliyekwisha kupata jina, alimsaidia kuvisanifu vitabu vyake. Kilitoka wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, ambapo wakulima wengi wa Marekani walikuwa wakinyang'anywa mashamba kwa madeni. Wenye kusimulia nao walikuwa wameonja machungu ya ardhi. Katika nchi ya Dakota, Almanzo na Laura walipigwa na ukame mwaka baada ya mwaka; waliugua dondakoo, na miguu ya Almanzo haikupata tena nguvu zake za kwanza; nyumba yao iliteketea mwaka 1889; na mwaka 1894 walihamia Missouri kuanza upya. Hata shamba la Malone familia ililiacha katika miaka ya 1870 ikaenda Minnesota. Katika Farmer Boy hapana dalili ya hayo. Ghala limejaa daima. Baadhi ya taabu za Dakota zilikuja kuchapwa mwaka 1971 katika The First Four Years, mwandishi akiwa amekwisha kufa tangu mwaka 1957.

Sisemi kuwa mwandishi amedanganya. Mzee anayesimulia utoto wake akiwa na njaa hukumbuka mikate kwanza. Lakini mwanafunzi anayedhani kuwa shamba kwa asili yake ni mahali pa shibe amesoma nusu ya habari.

Kuna kimya cha pili, kikubwa zaidi. Katika sikukuu ile ile baba anamweleza mwanawe kuwa ni wakulima walioitwaa nchi ile kubwa na kuifanya Marekani. Maneno yanasemwa kwa fahari, na sura inakwisha kwa amani. Ilitwaliwa kwa nani? Wamohawk, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa upande ule, hata leo wana makao yao Akwesasne, na sehemu yake imo katika kaunti ile ile ya Franklin ulimo mji wa Malone. Katika kitabu hawana sauti. Msomaji wa Kenya, ambaye babu yake alisikia habari kama hizo juu ya Nyanda za Juu zilizotengwa kwa walowezi, hawezi kuipita sentensi ile bila kusimama. Na tukiwa bado hapo, tumtazame mama. Katika mauzo ya siku moja siagi yake inaleta dola 250, kwa ratili 500 alizozipiga kwa mikono yake, na nguo za nyumba nzima anazifuma yeye. Binti zake, Eliza Jane na Alice, wanafanya kazi kutwa. Hakuna hata mmoja wao aliyechongewa nira.

Haya basi, tuache theluji ya Malone tuje Nyeri, tukiwa na swali lile la nani mwenye ardhi na nani anayekabidhiwa kazi. Unbowed, kitabu cha Wangari Maathai, kilitolewa mwaka 2006, miaka miwili baada ya mwandishi kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Wengi hukisoma kwa ajili ya miti na mapambano ya siasa. Mimi naona kuwa kurasa zake zilizo bora ni zile za mwanzo, zinazoeleza utoto wake Ihithe, alikozaliwa mwaka 1940.

Mama yake alimpa kipande kidogo cha bustani katikati ya shamba lake mwenyewe. Humo mtoto alipanda viazi vitamu, maharagwe, mahindi na mawele. Kwa kukosa subira alikuwa akifukua mbegu atazame kama zimeanza kuota, na mama akamfundisha kuziacha, kwa kuwa zitatoka zenyewe. Linganisha na ndama wa Almanzo. Nchi ni nyingine, karne ni nyingine, mama yuko mahali pa baba, lakini malezi ni yale yale: kitu kidogo cha kweli, chenye kuweza kufa, kimewekwa mkononi mwa mtoto, na mtu mzima ameketi karibu bila kumpokonya. Wala si ajabu ya nyumba moja. Jomo Kenyatta, katika Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, ana sura nzima juu ya elimu ya Wagikuyu, na aonyesha jinsi wavulana walivyofunzwa na baba zao na wasichana na mama zao katika kazi yenyewe, mashambani na nyumbani. Tofauti ni kwamba Kenyatta anaeleza desturi ya watu, naye Wangari anaeleza kidole kimoja kinachofukua punje. Katika fasihi kidole hicho kina nguvu kuliko desturi.

Picha iliyojulikana zaidi ni ya kijito. Msichana anatumwa kuteka maji, na katikati ya majani ya nduma anaona mayai ya chura yaliyoshikamana kama ushanga. Anajaribu kuyainua ayavae shingoni, nayo yanakatika kila mara. Baadaye anarudi na kukuta viluwiluwi vyeusi vikifurukuta majini. Habari hii mwandishi aliitaja pia katika hotuba yake ya kupokea tuzo mjini Oslo mwaka 2004. Ni picha safi, isiyo na neno la ziada, na yaonyesha jambo ambalo Farmer Boy hakina: mtoto asiye na kazi kwa dakika chache. Almanzo huonekana nadra sana akitazama kitu ambacho hakina bei.

Lakini hapo hapo nina neno na mwandishi. Kijito hakikuachwa kibaki kijito. Karibu na nyumbani palikuwa na mugumo ambao mama alikataza usiokotwe kuni, akisema ni mti wa Mungu. Miaka mingi baadaye mwenye shamba aliukata apate nafasi ya kupanda chai, na kijito kikakauka. Kitabu kinaunganisha mambo hayo mawili kwa hatua moja tu, kana kwamba mti mmoja ulibeba mto mzima mgongoni. Mwanafunzi wa jiografia atauliza habari za mlimani. Na jibu limo katika kitabu kile kile, kwa kuwa mwandishi ameeleza jinsi misitu ya asili ya Aberdare ilivyofyekwa kupisha miti ya kigeni ya biashara. Sababu hiyo ni pana zaidi, na ni ya kweli zaidi, ila haina uzuri wa mugumo na ushanga wa chura. Hapa mwanaharakati amemkopa mtoto kumbukumbu yake akaitumia mahakamani. Kesi ni ya haki, nami naiunga mkono. Lakini ushahidi wa mtoto umebebeshwa mzigo kuliko kimo chake.

Mahali ambapo Unbowed kinakipita Farmer Boy kwa mbali ni Nakuru. Mwaka 1943 Wangari na mama yake walihamia huko, ambako baba yake alikuwa dereva na fundi wa magari katika shamba la mlowezi. Palikuwa na nafasi, ardhi yenye rutuba, mifugo na watoto wengi wa kucheza nao. Mpiga picha angepiga picha nzuri sana. Walakini watu wale walikuwa maskwota. Sheria ya mwaka 1918 ilikuwa imemtaka skwota amfanyie mwenye shamba kazi kwa siku zisizopungua 180 kila mwaka, na sheria ya mwaka 1937 ikazidi kuwabana kwa kazi, mifugo na mahali pa kulima. Baba yake alilima mahindi, lakini mnunuzi alikuwa mlowezi yule yule, naye ndiye aliyepanga bei. Sasa chukua lile somo la nusu dola, msomaji, ulihamishie Nakuru. Baba amketishe mwanawe amhesabie: kulima, kupanda, kupalilia, kuvuna. Hesabu itakwenda vizuri mpaka sokoni, na hapo sarafu itakoma kuwa kipimo cha kazi. Mtoto mwenye akili angejifunza jambo tofauti kabisa juu ya shamba, juu ya baba yake, na juu ya dunia. Baba wa Malone aliweza kusema maneno yale mazuri kwa sababu viazi vilikuwa vyake na udongo, kwa sheria ya nchi yake, ulikuwa wake.

Wala kumiliki shamba hakukutosha kuwa kinga. Kuanzia mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni iliwaondoa watu zaidi ya milioni moja wa Kenya ya Kati katika makao yao yaliyotawanyika kati ya mashamba, ikawakusanya katika vijiji vyenye handaki na walinzi. Nyeri ilikuwa miongoni mwa sehemu hizo. Mtoto aliyezaliwa miaka kumi baada ya Wangari, katika matuta yale yale, aliijua nje kwa saa za amri. Ndiyo maana nasema kuwa maneno "malezi ya nje" hayatoshi peke yake. Kila mara pana mtu anayeamua nje hiyo inaanzia wapi na inakomea wapi, na kitabu kizuri humtaja.

Labda utaniuliza, hayo yanakuhusu nini wewe uliye darasani. Yanakuhusu kwa sababu ya jembe. Katika shule nyingi za nchi hii mwanafunzi aliyechelewa hupelekwa shamba la shule akalime mpaka jasho limtoke, na aliyefaulu husifiwa kuwa hatashika jembe maishani. Kwa miaka mingi tumemfundisha mtoto kuwa udongo ni adhabu, kisha tunashangaa anapoukimbia. Soma sura za ndama, kisha soma habari za ile bustani ndogo ya Ihithe, uone kazi ile ile ikipewa mtoto kama heshima.

Juu ya shule vitabu hivi viwili havipatani. Almanzo huachwa nyumbani kila kazi inapozidi, naye hufurahi, na mwandishi anacheka pamoja naye. Mwishoni fundi wa magari ya farasi mjini anataka amchukue amfunze ufundi. Mama anakasirika, kwa kuwa kwake mkulima ndiye mtu huru. Baba anamwuliza mtoto mwenyewe anataka nini, na mtoto anamtaka farasi. Anapewa Starlight, farasi mchanga aliyekuwa akimtamani tangu mwanzo, na kitabu kinafungwa kwa furaha. Ni mwisho mzuri, ila haukumgharimu mtu kitu: shamba limebaki na mrithi, baba amebaki na mwana, na hata farasi amebaki katika zizi lile lile.

Huko Ihithe jambo lilianza kwa swali. Nderitu, kaka yake Wangari, alimwuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Mama akaona hapana sababu ya kumzuia, na mtoto akaanza shule akiwa na miaka minane. Mwandishi anasimulia jambo hili kwa mistari michache na kupita, nami ningetamani angekaa hapo zaidi. Wangari alikuwa binti wa kwanza wa nyumba. Baba alikuwa Nakuru. Shamba lilikuwa la mama kulilima, na mikono iliyokuwa ikimsaidia kuteka maji, kuokota kuni na kupalilia, kuanzia asubuhi ile haikuonekana tena mpaka jioni.